Laptopu Ndani ya Mfuko wa Sufu

Tangu shule ya msingi aliitwa Redio, na jina likamganda. Si kwamba alikuwa na domo; waropokaji darasani walikuwepo wengine, na wametawanyika duniani wanaropoka mpaka leo. Yeye alikuwa na sauti. Mwalimu akitaka kitabu kisomwe mbele ya darasa hakuzungukazunguka: "Redio, simama utusomee." Akisimama, hata watukutu wa viti vya nyuma walinyamaza, na wao hawakuwa watu wa kunyamazia chochote.

Sasa tazama dunia inavyotumia vipaji vya watu. Alipokuwa mtu mzima, sauti ile ilipata kazi kitengo cha malalamiko cha idara ya maji. Alikaa kwenye kiti chenye gurudumu moja bovu, akavaa visikilizi, na tangu asubuhi mpaka alasiri alitukanwa na watu ambao mabomba yao yalitoa upepo. "Pole sana, ndugu mteja. Tatizo lako tumelipokea." Kulipokea alilipokea kweli, ila hakuwa na pa kulipeleka, kwa sababu waliofungua na kufunga koki hawakupokea hata simu zake yeye. Mtu akishamaliza kutukana, simu nyingine inaita. Alirudi nyumbani kichwa kizito, miguu imevimba kwa kukaa, na mumewe, dereva wa malori ya masafa, alikuwa barabarani zaidi ya alivyokuwa nyumbani. Nyumbani walikuwa watatu: yeye, binti yake wa shule, na mama mkwe.

Kitu kimoja tu katika maisha yake kilikuwa chake. Kulikuwa na maktaba ya wasioona, na maktaba ile ilitafuta watu wa kusoma vitabu kwa sauti ili vinaswe, visikilizwe na wasioweza kuvisoma. Redio alijaribiwa dakika chache, akachukuliwa palepale. Walimpa posho ya kufutia jasho, lakini hata wasingempa angekwenda. Fikiria mtu anayekatizwa kila sentensi kuanzia Jumatatu, kisha unamwambia: kaa hapa, soma, hakuna atakayekuingilia. Alisoma alfajiri kabla ya kwenda kazini, wakati mtaa bado haujaanza vurugu zake. Mwaka huo alikuwa amepewa riwaya ya mjane anayepigania nyumba aliyojenga na marehemu mumewe, kitabu kilichokuwa kwenye mtihani wa kidato cha juu. Wanafunzi wasioona walikuwa wanakisubiri, na hilo Redio alilibeba moyoni kila alipofungua ukurasa.

Nusu ya kwanza ya kitabu ilikwenda vizuri. Ilikuwa miezi ya baridi. Kisha likaja joto.

Chumba chake kilikuwa chini ya bati, bila dari, na bati halina urafiki na mtu. Kufikia alfajiri bado lilikuwa linatoa joto la jana. Ili anase sauti bila kelele ilimbidi azime feni la chumbani, afunge madirisha, aegemeze godoro la binti yake mlangoni, na ajifunike shuka yeye na maiki yake. Humo ndani alitoka jasho mpaka kurasa zikashikana. Na laptopu nayo ilikuwa na joto lake. Ilikuwa ya zamani, mume aliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu, na ilikuwa na feni dogo upande wa kushoto ambalo kwanza lilinong'ona, kisha likakoroma, kisha likaanza kuunguruma hasa. Hapo ndipo ulipokuwa mtego: akiziba madirisha kuzuia kelele za nje, joto linapanda, na joto likipanda feni linapiga kelele ndani. Akifungua madirisha feni linatulia, lakini jogoo wa jirani hajui kwamba kuna mtu anasoma.

Akatuma sura mpya maktaba hivyohivyo, akijipa moyo kwamba haitasikika sana. Mtu aliyechoka ni bingwa wa kujipa moyo.

Mratibu wa maktaba alimpigia simu siku hiyohiyo. Alikuwa mzee mpole, naye mwenyewe haoni, na masikio yake hayakuwa ya kudanganywa.

"Dada Redio, hujambo? Nimesikiliza. Unasoma vizuri, Mungu akubariki. Ila niambie, siku hizi umehamia kwenye kinu cha kusaga?"

"Ni laptopu, mzee. Feni lake."

"Nilijua tu ni kitu kinachozunguka. Sikiliza, dada yangu. Wewe kelele hiyo umeizoea, huisikii tena. Lakini mtoto anayejiandaa na mtihani atakaa nayo sikioni saa nzima. Atachoka, atazima. Hizo sura zenye kelele itabidi uzirudie."

"Nitazirudia, mzee."

"Kitabu kizima, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya hapo itabidi nimpe msomaji mwingine. Na kitabu hatuwezi kukipa sauti mbili, atakianza upya toka ukurasa wa kwanza. Sitaki tufike huko."

Redio akashukuru, akakata simu, akakaa kitandani akiitazama ile laptopu. Kwa mara ya kwanza ndani ya miaka mingi alisikia hofu ya kunyang'anywa kitu. Kazi ya maji wangeichukua leo asingelia, ila kitabu kile kilikuwa jambo jingine.

Alijaribu kila alichoambiwa, na kazini kila mtu ana la kusema. Wa dawati la kulia alisema zima, subiri, washa. Wa kushoto alisema laptopu za siku hizi hazina maana, ushauri ambao haukumsaidia mtu. Mlinzi wa getini akasema aiweke juu ya visoda vinne ili ipate hewa chini. Aliweka visoda. Akaweka na chupa ya barafu pembeni, barafu ikatoa jasho, maji yakaelekea kwenye maiki, akayaokoa kwa upande wa shuka. Alijaribu kusoma ndani ya kabati la nguo, maiki ndani na laptopu nje, akatoka humo amelowa, macho mekundu, binti yake akamwuliza, "Mama, umegombana na nani?" Feni halikujali. Lilivuma kama linalipwa.

Basi akaenda kwa fundi, chini ya ngazi za jengo la maduka, kibanda ambacho mtu akiingia fundi anatoka nusu. Alikuwa jitu la miraba minne lenye vidole vinene, na ukiona vidole vile ungedhani atavunja kila kitu, lakini parafujo zilimtii. Akaifungua laptopu, akainamisha taa, akaguna.

"Dada, nyumbani kwenu mnafuga kondoo?"

"Kondoo wa nini tena, fundi?"

Akamwonyesha kwa kibano. Pale hewa inapotokea, feni linaposukumia joto nje, palikuwa pamezibwa na utando wa manyoya. Alipouvuta ukatoka mzima, rangi ya samawati na nyekundu, laini, unapendeza hata.

"Hii ni sufu," fundi akasema. "Mashine inavuta pumzi kwa kutumia blanketi. Ndiyo maana inalia."

Redio hakuhitaji kuuliza sufu imetoka wapi. Mama mkwe alikuwa mfumaji. Hakukuwa na kitu katika nyumba ile kilichobaki uchi: televisheni ilikuwa na kitambaa chake, friji chake, chupa ya chai chake, hata simu ya mezani iliyokufa zamani ilikuwa imevikwa kiheshima. Laptopu ilipoingia nyumbani ikapata chake pia, cha samawati chenye pindo jekundu. Siku hizi vitambaa vya mama vilikuwa vinaruka mishono, nyuzi zinaning'inia huku na huku, na Redio alichukulia kuwa ni uzee tu. Hata chai alikuwa anaimimina ametumbukiza kidole kwenye ukingo wa kikombe, jambo lililomkera Redio kimoyomoyo, lakini mkwe ni mkwe, unamezea.

Fundi akaipuliza, akaisugua kwa mswaki, akapaka grisi yake nyeupe ya kupitishia joto, akafunga. Alipoiwasha, Redio alisogeza sikio na hakusikia kitu. Alitaka kumkumbatia yule bwana, ila asingemzunguka.

"Adui ni vumbi, dada," fundi akamwambia akifuta mikono. "Vumbi na nyuzi. Vumbi likiingia humu, mashine imekufa. Ilinde."

Hapo sasa ndipo lilipozaliwa kosa, na halikuwa la mtu mbaya. Jioni ile wakila, Redio alisimulia yote. Kwa kuwa hakutaka kumwaibisha mama mkwe mbele ya mjukuu wake, habari ya sufu aliiruka juu kwa juu. Akasema tu, "Fundi anasema ni vumbi, Mama. Vumbi likiingia tena, mashine imekufa, na kitabu kimekwenda."

Mama mkwe aliacha kutafuna. "Vumbi tu?"

"Vumbi tu. Na isifunikwe ikiwa inafanya kazi. Mimi nikiondoka asubuhi naiacha imefungwa kifuniko lakini inafanya kazi, inasafisha zile sauti nilizosoma. Inachukua saa nyingi, imezeeka. Ukiona taa ya kijani pale ubavuni, ujue iko kazini. Taa ikizimika, basi, hapo unaweza kuifunika."

"Taa ya kijani," mama mkwe akarudia polepole.

"Eee, Mama. Ikizimika tu."

"Sawa, mwanangu. Mimi nipo. Vumbi halitaigusa."

Yule mama alikuwa mtu wa kupewa kazi akaifanya. Kesho yake alianza kufuma, na safari hii hakufuma kitambaa. Alifuma mfuko mzima wa sufu nzito, wenye kamba ya kukaza mdomoni, laptopu inaingia humo mpaka shingoni. Redio alipoukuta umevishwa alasiri moja, mashine imezima imetulia ndani yake, alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Alijua mama amesubiri taa izimike. Akasema asante, akaitoa, akaendelea na mambo yake.

Siku zile alisoma vizuri kuliko alivyowahi kusoma. Kila alfajiri alizirudia sura zilizoharibika, kisha akaendelea na zilizobaki, na sauti ilitoka safi, unasikia mpaka mjane anavyovuta pumzi kabla ya kujibu mbele ya baraza la ardhi. Mashine ilianza tena kunong'ona katikati ya wiki, kisha ikakoroma kidogo, lakini alisema moyoni ni joto tu, siku zimebaki chache, tutafika. Alfajiri ya Alhamisi akamaliza ukurasa wa mwisho. Akaziunganisha sura zote pamoja ili zisafishwe kwa mkupuo mmoja, akabonyeza, akafunga kifuniko, akahakikisha taa ya kijani inawaka, akaenda kupokea matatizo ya wateja.

Aliporudi laptopu ilikuwa ndani ya mfuko wake, kimya. Alipoigusa alirudisha mkono. Ilikuwa ya moto kiasi cha kunyooshea nguo. Akaibonyeza haikuwaka. Akangoja, akaibonyeza tena, ikawaka kwa kujivuta, feni likapiga ukelele wa kutisha, na lile faili la sauti likakataa kufunguka. Mashine ilikuwa imezimika katikati ya kazi, na kazi yote ya siku zile ikaondoka nayo. Nakala nyingine? Usimwulize. Watu wenye nakala nyingine ni watu wasiochoka.

Asubuhi ya Ijumaa aliomba ruhusa ya kuchelewa, akakimbilia kwa fundi. Fundi akafungua, akachomoa tena utando, mnene kuliko ule wa kwanza, akaulaza kwenye kiganja chake.

"Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Hii mashine inafunikwa ikiwa inafanya kazi. Inafungwa kabisa. Feni linavuta nyuzi mpaka linashindwa kuzunguka, mashine inachemka, inajizima isiungue. Feni nitakusafishia, ingawa limeshaanza kuyumba, litapiga kelele mpaka ununue jingine. Faili limeharibika."

"Hakuna njia yoyote?"

"Ningekuwa nayo ningekwambia."

Akampigia mratibu akiwa amesimama pale chini ya ngazi, watu wanapanda na kushuka juu ya kichwa chake. Alieleza. Yule mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, dada yangu. Ila watoto mtihani hauwasubiri. Msomaji mwingine yuko tayari, anaanza leo. Pumzika kidogo. Kikitokea kitabu kingine nitakukumbuka."

"Nashukuru, mzee." Sauti haikutetemeka. Miaka ya kutukanwa imemfundisha hivyo. Kisha akaenda kazini akasema pole sana mpaka alasiri, na hakuna mteja hata mmoja aliyejua kwamba siku hiyo pole zile alikuwa anajipa mwenyewe.

Njiani kurudi nyumbani uchovu ule ukageuka hasira. Ni kweli, hasira. Alikuwa amekaa na mama mkwe yule miaka yote bila kumpandishia sauti, amemezea kidole cha kwenye chai, amemezea vitambaa, amemezea kila "mwanangu, nasikia harufu ya kuungua" wakati hakuna kilichoungua. Leo asingemeza. Alimwambia wazi: taa ya kijani. Mtoto mdogo angeelewa. Alipanga maneno yake barabara nzima, akayapanga vizuri, maana kupanga maneno anajua.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, uzi mapajani. Binti alikuwa hajarudi shule. Redio hakusalimia. Alitoa kwenye pochi ule utando wa sufu aliouchukua kwa fundi, akausogeza mbele ya uso wa mama.

"Mama, ona. Ona hii."

"Naona, mwanangu."

"Unaona nini?"

Mama mkwe akanyoosha mkono, ila mkono ulikwenda pembeni, ukashika hewa, ukarudi, ukagusa kifundo cha mkono wa Redio, ukafuata vidole mpaka ukaufikia ule utando. Akaupapasa.

"Uzi," akasema. "Ni ule wa samawati?"

Ulikuwa mwekundu. Mfuko ule wote ulikuwa mwekundu, hauna hata uzi mmoja wa samawati.

Maneno yote aliyoyapanga Redio yakamtoka kichwani. Alibaki amesimama, pochi bado begani.

"Mama," akasema, na sasa ilikuwa sauti nyingine, "nilikwambia uangalie taa. Taa ya kijani."

Mama mkwe aliinamisha kichwa. Alikunja ule uzi kidogokidogo kidoleni, akaukunjua, akaukunja tena.

"Iko upande gani hiyo taa?" akauliza.

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni. Redio akakaa chini, sakafuni, karibu na miguu ya mama mkwe.

"Tangu lini?"

"Tangu kitambo. Lilianza jicho moja, nikasema nina jingine. Sasa na hilo jingine naona mwanga wa dirisha tu. Nikisikia mashine inavuma nasema inafanya kazi, siigusi. Ikitulia kidogo nasema imemaliza, naivisha haraka vumbi lisiiwahi. Mara nyingine nikishaivisha naisikia inalia humo ndani. Nasema hapo vumbi limeshapenya, nakaza kamba."

Ungecheka. Hata Redio alitamani kucheka.

"Lakini kwa nini uivishe, Mama? Si ungeiacha tu?"

"Ulisema vumbi likiingia kitabu kimekwenda. Mwenye macho anapiga jicho, anaona vumbi, anafuta. Mimi vumbi silioni tena, mwanangu. Nilifunika kwa sababu ndicho nilichoweza."

"Ungeniambia. Ungeniambia kwamba huoni."

"Nikuambie saa ngapi? Asubuhi unasoma. Ukirudi umechoka, nasikia unavyovua viatu, nasikia umechoka. Nikasema huyu nikimwongezea na macho yangu, atayabebea wapi?"

Redio alilia hapo, na sitamfichia. Hakumlilia mjane wa kitabuni, wala kitabu chenyewe. Alilia kwa aibu na kwa uchovu, vyote pamoja. Alikuwa anaamka alfajiri, anajifungia na godoro mlangoni, anawasomea wasioona wa mbali ambao hajawahi kuwatia machoni, na aliyekuwa upande wa pili wa godoro hakumwona. Wateja wa maji aliwapa pole, wanafunzi aliwapa sauti yake nzuri, na aliyekaa naye nyumba moja alibakiziwa "ndiyo, Mama" na "sawa, Mama", maneno ya mtu anayepita kuelekea chumbani.

Mama mkwe akautafuta uso wake kwa mkono, akaupata, akaupangusa kwa kiganja kilichojaa nyuzi.

"Kitabu kimekwenda?"

"Kimekwenda. Amepewa mwingine."

"Ni mimi nimekiua."

"Hapana, Mama."

"Ni mimi. Usinidanganye, mimi si mteja wako."

Redio hakubisha tena. Ni kweli mama ndiye aliyekiua, na wote wawili walijua, na hilo halikubadilisha kitu. Akamwambia Jumatatu ataomba ruhusa waende hospitali ya macho wakaulize kama kuna la kufanyika. Mama akasema hospitali ni foleni. Redio akasema foleni ataipanga yeye. Mama akasema basi sawa, lakini kwa namna ya mtu asiyetaraji sana, na Redio naye, kusema ukweli, hakujua atarajie nini.

Wakakaa. Bati lilikuwa linalia taratibu juu yao, jua likianza kulegea. Redio alitaka kulala. Alitaka kulala siku mbili bila mtu kumwuliza kitu.

"Mwanangu," mama mkwe akasema baada ya muda, "yule mjane alipata nyumba yake?"

Redio akainua kichwa. "Mjane yupi?"

"Wa kwenye kitabu. Kila alfajiri nakaa pale mlangoni, nyuma ya godoro. Jana tu usingizi ulinipitia, na leo hukusoma, nikabaki hivihivi. Sijui yule shemeji yake mwenye roho mbaya alimfanyaje."

Kitabu kilikuwa bado kwenye pochi. Alikuwa amepanga kukirudisha maktaba njiani, akashindwa kupita. Akakitoa. Kurasa zilikuwa zimevimba kwa jasho lake mwenyewe. Maktaba sasa haikuwa na haja na sauti yake kwa kitabu kile, na koo lake lilikuwa limekwaruzika kwa pole za siku nzima.

"Nikusomee huku mwisho, Mama? Ulifikia wapi?"

Mama mkwe alijisogeza kitini, akakunja mikono, akamgeuzia sikio.

"Anzia mwanzo," akasema. "Pale mlangoni nilikuwa sisikii vizuri. Lile feni lilikuwa linapiga kelele."

Redio alikitazama kile kitabu. Kilikuwa kinene. Akavua viatu, akaegemeza mgongo kwenye mguu wa kiti, akafungua ukurasa wa kwanza.